Motokaa Tatu Kwenda Kumtoa Mwali

Mume wangu Kasiani alikuwa fundi cherehani pale Chikongola, baraza ya pili ukitoka sokoni, na kama angebaki na cherehani yake mimi leo ningekuwa na meno yangu yote. Yaliyong'oka yaling'okea ndani ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa Ostini, la kabla ya vita vya Hitla. Mzungu mmoja wa mradi wa karanga aliliacha alipoondoka kwa haraka, likakaa miaka na miaka katika ghala, kuku wakiangulia ndani. Kasiani akalipata kwa kumshonea mwenye ghala suti mbili na koti la mvua. Lilikuwa dogo. Nikisema dogo, msidhani ni dogo la kawaida. Kuku akitaka kutaga humo ilibidi atoe mguu mmoja dirishani. Na Kasiani alikuwa mrefu, Mmakonde wa kule uwandani, mwenye mapaja kama miguu ya ngazi. Akiliendesha, magoti yanamfika masikioni. Ukimwona kwa mbele ungesema panzi kaiba motokaa. Mwaka ule wa Azimio la Arusha balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kukagua kama ni mali ya kibepari. Akalizunguka mara moja, akachungulia ndani, akavua kofia.

"Mama Stefano," akaniambia, "hii si mali. Hii ni adhabu. Poleni sana."

Kasiani hakuwa mtu mbaya. Nguo ya mfiwa alishona bure, na katika miaka yote ya ndoa yetu sikumsikia akimfokea mtoto. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumwacha mwenzake njiani. Na wenzake walikuwa wawili, wanaumwa motokaa kama yeye.

Wa kwanza Erasto, dresa wa zahanati, mwenye Morisi mviringo kama andazi. Huyo alikuwa anasikiliza injini kwa kile kipimo cha kusikilizia moyo. Akimaliza anajifuta masikio na kusema, "Anapumua vizuri, ila ana mawazo." Wa pili Jasinto, mchonga vinyago, aliyevuka Ruvuma kutoka upande wa Mreno na mke, watoto wanne na tezo moja. Fodi lake kuukuu alipewa na Mgiriki wa mkonge aliyechoka kulisukuma. Kila kilichovunjika katika Fodi lile, Jasinto alikichonga upya kwa mti. Usukani ulikuwa wa mninga. Mishikio ya milango ilikuwa nyuso za wazee. Ukitaka kuingia unamshika babu wa watu pua.

Wakajiita Chama cha Motokaa Ndogo. Kila Jumapili baada ya misa walikwenda Mikindani na kurudi, na Jumatatu yote walisimulia kama waliotoka Makka. Chama kilikuwa na kanuni: gari moja likisimama, yote yanasimama, na hakuna anayeondoka mpaka waondoke wote.

"Na mke akisimama?" nilimwuliza Kasiani siku moja.

"Mke hana injini," akasema, bila hata kuinua uso.

Sasa, dada yangu Rosalina aliolewa Msimbati, akasilimu, akazaa binti mmoja, Mwanaisha, kisha akafa kwa homa mtoto akiwa bado hajui kuvaa kanga. Siku ya mwisho alinishika mkono huu wa kulia. "Mwanangu utamtoa wewe," akasema. Nikasema ndiyo.

Kwetu sisi, msichana akichezwa unyago huwekwa ndani, na siku ya kutoka kuna mwanamke mmoja wa kumshika mkono na kumvusha kizingiti. Huyo anakuwa somo wake maisha yote. Akiolewa ataitwa yeye, akizaa ataitwa yeye, mume akimsumbua ataitwa yeye aje na ulimi wake. Mkono ukishashikwa haubadilishwi. Na mkono wa Mwanaisha aliutaka mwingine: shangazi yake Somoe, dada wa baba, mwanamke ambaye hata akikuamkia unahisi umekosea kitu. Maneno yakawa mengi mpaka nyakanga, yule mama mkuu wa ngoma, akayakata. Mkono ni wa upande wa mama. Lakini mama mkubwa anakaa mbali mjini. Mwali atatoka Jumamosi, na adhana ya alasiri ikimkuta mama mkubwa hajafika, Somoe atamtoa, na kelele basi.

Ijumaa lori la samaki lilikuwa linarudi Msimbati tupu. Dereva akaniambia panda, mama. Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye tairi Kasiani alipotokea na sindano mdomoni.

"Mke wangu akamtoe mwali akinuka matenga ya samaki? Shuka! Kesho nakupeleka mwenyewe, na chama kizima kinakusindikiza. Uingie Msimbati kama malkia."

Nikashuka. Kosa hilo ni langu, sina wa kumlaumu, ingawa nimemlaumu Kasiani miaka hamsini.

Tulipatana kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili wangali wanayapaka magari mafuta ya nazi yang'ae. Mimi nimeshakaa ndani tangu alfajiri, kikapu mapajani: doti mbili mpya za kanga, shanga, chupa ya mafuta mazuri, na mkeka mpya wa ukindu wa kukanyagia mwali. Mara Jasinto akaja anatabasamu, na kitu amekificha kwenye kitambaa.

"Zawadi ya safari," akasema, akafunua.

Vilikuwa vizibo vitatu vya mpingo, vya matangi ya petroli. Cha Ostini kobe, cha Morisi kiboko, cha Fodi kichwa cha mzee aliyevimbisha mashavu. Vizuri, siwezi kusema uongo juu ya hilo. Kobe alikuwa na kucha.

"Vya zamani vilikuwa vinavujisha mvuke," Jasinto akasema. "Hivi haipiti hata pumzi. Jaribu, njomba, jaribu!"

Kasiani akajaribu. Kizibo kikaingia kwa kuzungushwa, kikashika. Erasto akakisikiliza kwa kipimo chake, akatikisa kichwa kwa heshima. Wakapeana mikono wote watatu kama waliooana. Kisha tukazunguka soko mara tatu watu watuone, na saa tatu tukatoka mjini.

Hatujafika mbali Morisi likakohoa, likatetemeka, likasimama. Yakasimama yote. Wakashuka, wakafungua boneti, wakaingiza vichwa.

"Moyo umesimama," akasema Erasto.

"Ni plagi," akasema Kasiani.

"Petroli ipo?" akauliza Jasinto, akaenda akafungua kiboko wake. Fyuuu! Kikapiga mluzi. "Mnasikia kilivyoshika? Petroli tele." Akakirudisha, akakaza.

Kasiani akasugua plagi kwa upindo wa shati, Erasto akapiga injini kofi, gari likawaka. Wakabishana kama ni plagi au ni kofi mpaka jua likanichoma shavu.

Maili mbili mbele likasimama Fodi. Yakasimama yote. Wakashuka, wakabishana, wakafungua kizibo, fyuuu, petroli tele, wakakaza, wakagusa waya huu na ule, likawaka. Safari hii ilikuwa ni waya. Kisha likasimama Ostini letu. Fyuuu, likawaka, ilikuwa ni joto. Kisha tena Morisi. Naapa, kobe mmoja alitupita pale kwenye mikorosho, akageuka kututazama, na tulipofika Madimba tulimkuta keshalala.

"Baba Stefano," nikasema, "jua liko utosini."

"Tunakwenda vizuri."

"Tumesimama mara saba!"

"Na mara saba tumeondoka. Wewe unahesabu za kusimama tu."

Pale Madimba, mbele ya nyumba ya mama mmoja aliyekuwa anamenya mihogo, Ostini likasimama tena. Hapo Kasiani akatoa wazo, na wazo lile sijapata kuona mfano wake.

"Tusiendelee kubahatisha," akawaambia wenzake. "Yana ugonjwa mmoja. Tuyafungue yote matatu, tulinganishe viungo, tuone nini hakifanani."

"Kama hospitali," akasema Erasto, macho yanang'aa.

"Hata ambayo hayajasimama?" nikauliza.

"Hasa hayo," akasema Jasinto. "Mzima ndiye anayeonyesha mgonjwa ana nini."

Sikuwahi kudaka kikapu. Mkeka wangu, mkeka wa mwali, ulishatandikwa mchangani, na nati za Ostini, za Morisi na za Fodi zinamwagwa juu yake kama kunde za nyumba tatu katika ungo mmoja. Walifungua mpaka kifuniko cha gia. Walifungua vitu ambavyo hata aliyevitengeneza alikuwa amevisahau. Na furaha waliyokuwa nayo! Kasiani alikuwa anapiga mluzi.

Yule mama wa mihogo akaja akasimama karibu yangu, kisu mkononi.

"Dada, hao wamepatwa na nini?"

"Mapenzi."

"Ya nani?"

"Ya bati."

Akacheka mpaka akashika nguzo. "Na wewe unakwenda wapi na kikapu cha mwali?" Nikamweleza. Akaacha kucheka. Akatazama jua, akatazama miguu sita iliyotoka chini ya magari, akasema, "Njoo ukae angalau unywe maji."

Nikaenda nikakaa jikoni kwake nikilia kimya kimya, kwa hasira zaidi ya huzuni. Kutembea ningeweza, lakini kwa mchanga ule ningefika magharibi. Niliuona mkono wa Somoe umemshika mtoto wa Rosalina. Nilimwona miaka ishirini ijayo anaitwa yeye, anafika yeye, na mimi nasikia habari sokoni.

Yule mama akatoa mkebe mpya wa mafuta ya kupikia. Akautoboa tundu moja kwa msumari, akauinamisha juu ya sufuria. Mafuta yakatoka tone, tone, yakakata. "Shenzi," akasema, akatoboa tundu la pili upande wa pili. Mafuta yakamiminika.

Nikaacha kulia. Nikautazama mkebe, nikaangalia nje, nikaona makalio ya Ostini na yule kobe wa mpingo amekaa juu yake, mzuri, ana kucha.

"Baba Stefano!" Nilitoka mbio. "Mkebe wa mafuta mnautoboa matundu mangapi?"

"Mama Stefano, tuko kazini."

"Mangapi?"

"Mawili," sauti yake ikasema chini ya gari.

"Kwa nini mawili?"

"Moja la mafuta, moja la hewa, kila mtu anaj..."

Nikaenda nikamzungusha yule kobe nikamng'oa. Fyuuuu! Akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani. Jasinto akatoka taratibu, mchanga kwenye nyusi.

"Yaani shemeji... ni kizibo changu?"

"Kizibo chako kimeziba, shemeji. Tangi linataka kuvuta hewa, haliwezi. Kila mkifungua kuangalia petroli mnalipatia pumzi mbili tatu, ndiyo maana linawaka. Si plagi, si kofi, si joto!"

Erasto akavua kipimo shingoni. "Tulikuwa tunamziba mgonjwa pua," akasema polepole.

"Mnaweza kulia baadaye," nikasema. "Fungeni!"

Walifunga. Jamani, nimeona watu wakijenga nyumba mvua ikinyesha, lakini kufunga kule sijaona tena. Nati zote zilikuwa zimechanganyika mkekani.

"Hii ya nani?"

"Mpe Fodi."

"Haiingii."

"Basi mpe Ostini, huyo anakula chochote."

Walipomaliza, zilibaki nati kiganja kizima, na hakuna aliyetaka kuzizungumzia. Matangi wakayafunika kwa matambara ya yule mama, yenye kupitisha hewa. Morisi likawaka. Fodi likawaka. Ostini likawaka vizuri kabisa, Kasiani akatia gia ya kwanza, na gari likarudi nyuma, likagonga kinu.

Akatia ya pili. Likarudi nyuma. Akatia zote alizozijua na moja ambayo nadhani aliibuni. Kila aliyoitia, Ostini lilikwenda kinyumenyume.

"Kile kifuniko," akanong'ona Jasinto. "Tumekigeuza."

Jua lilikuwa limeshakwenda upande. Nikakunja mkeka wangu na grisi yake, nikashika kikapu, nikaenda kwenye Morisi, nikafungua mlango.

"Erasto, nipeleke."

Erasto akamtazama Kasiani. Kasiani akatazama viatu vyake. "Kanuni," akasema Erasto kwa sauti ndogo. "Hatuondoki mpaka tuondoke wote."

Niliyoyasema hapo siwezi kuyarudia, maana yule mama wa mihogo aliwaingiza watoto ndani. Nilianza na mama zao nikamaliza na kipimo cha kusikilizia moyo. Nilipopumzika ili nivute hewa, Kasiani akanishika bega.

"Panda kwetu," akasema. "Linakwenda. Nani kasema lazima liende kwa mbele?"

Basi tukaondoka Madimba kinyumenyume. Kasiani kajipinda, kichwa na bega nje ya dirisha, anaangalia tunakokwenda. Mimi nimekaa naangalia tunakotoka. Morisi na Fodi yakatufuata uso kwa uso, na kwa kuwa Erasto alikuwa hatua tatu mbele ya macho yangu, kila nikiinua kichwa ananipungia mkono. Safari nzima.

Mchanga ukaanza kuwa mzito, ule mweupe wa kuingilia Msimbati, minazi pande zote. Hapo Morisi likazama mpaka tumboni, likakwama. Fodi likajaribu kulizunguka, likazama ubavuni mwake. Ostini letu peke yake lilizidi kupanda, maana ile gia ya nyuma ina nguvu za ng'ombe. Nikawaona Erasto na Jasinto wanashuka, wanainua mikono.

"Kasiani! Njomba! Tumekwama!"

Kasiani akapunguza mwendo.

Maneno yangu niliyamaliza Madimba. Nilimtazama tu. Yeye akawatazama wale wawili wanaozidi kuwa wadogo kati ya minazi, watu aliokula nao vumbi kila Jumapili. Akanitazama mimi. Jasho likamtiririka kama mtu aliyekamatwa na kuku wa wizi.

Akakanyaga mafuta.

Nyuma, yaani mbele, nikasikia sauti ya Jasinto: "Kanuni, njomba! Kanuniii!" Kasiani akauma midomo, hakugeuka. Nilikuwa sijamwona na uso ule hata siku tuliyomzika mama yake.

Tukaingia Msimbati kwa makalio. Adhana ya alasiri ikaanza tunapita nyumba ya kwanza. Niliruka, gari likiwa linakwenda, kikapu kichwani, nikakimbia kuelekea ngoma ilipokuwa inalia.

Uani palikuwa pamejaa wanawake, na ngoma ilikuwa imenyamaza. Mlangoni Somoe alikuwa ameinama, ameshika ncha ya kanga aliyofunikwa Mwanaisha, anavuta. Na Mwanaisha, mwali asiyeruhusiwa kusema neno wala kuinua macho, alikuwa amekaa kitako juu ya kizingiti. Amekaa, miguu ndani, mgongo umeegemea mwimo, mikono yote miwili kaificha makwapani.

"Inuka, we mtoto!" Somoe anafoka. "Adhana hiyo!"

Nyakanga alikuwa ameketi kando anatafuna tambuu, mabega yanamcheza kwa kicheko. Akaniona.

"Umefika, Mama Stefano? Tumemnyanyua mara nne huyu. Tangu tulipolisikia lile dude lenu linakohoa kule mwanzo wa minazi, kakaa hapo. Hasemi, hatoki."

"Adhana imeshaanza!" akapiga kelele Somoe. "Wewe mwenyewe ulisema!"

"Nilisema ikimkuta hajafika. Imemkuta anakimbia." Akatema tambuu. "Na mkono hujaushika, umeshika kanga. Mpishe."

Mkeka niliutandika ulivyo, na alama za grisi za magari matatu. Nikanyoosha mkono wa kulia, mweusi wa mafuta ya gia. Mtoto hakuinua macho. Aliangalia miguu yangu muda, mchanga mpaka magotini, kisha akatoa mkono wake kwapani akautia ndani ya wangu, akaubana mpaka vidole vikaniuma. Nikamwinua. Nikamvusha. Vigelegele vilivyopigwa siku ile viliangusha nazi mbichi, aulize anayebisha. Somoe naye alipiga, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa, lakini alipiga.

Nilipotulia nikageuka kumtafuta Kasiani, aje aone alichokifanya, nimwambie neno zuri kwa mara moja. Hakuwapo. Wanawake wakanionyesha njia. Alikuwa ameligeuza Ostini kwa kusukumiwa na akina mama, hajanywa hata maji, na sasa anarudi kinyumenyume kule kwenye mchanga, kichwa nje ya dirisha, kwenda kukaa na wenzake waliokwama.

Nikamwekea ubwabwa na kipande cha nguru, nikafunika kwa kawa. Ubwabwa ukapoa. Nikauweka tena jikoni upate moto. Ukapoa tena.